Chuo Kikifungwa Agosti, Watoto Huenda Wapi?

Jumatatu ya tarehe 4 Agosti, 2025, jua halijachomoza barabara, nilisikia hodi mlangoni kwangu hapa Kibokoni. Nilikuwa nimerudi punde kutoka msikitini, kikombe cha kahawa ki mkononi. Kufungua mlango, nikamwona binti yangu na buibui lake la kazini, mkono mmoja kashika mkoba wa nguo, mkono wa pili kawashika wanawe wawili wanaosinzia wima.

"Asalaam aleikum, baba. Shule zimefungwa. Nimewaleta."

Hakuketi. Kazi yake ni ya makaratasi ya kutoa mizigo bandarini, na huko anayechelewa huandikwa jina. Hata saa moja haijatimia, mwanangu wa kiume naye akawasili kutoka Likoni na wake wawili, wamechoshwa na msongamano wa feri. Yeye ni fundi wa magari, na mkewe ni muuguzi. Basi kabla ya chai nyumba yangu ilikuwa na wajukuu wanne, mkubwa ana miaka 9 na mdogo ana miaka 3.

Mke wangu aliwapokea wote kwa bashasha. Alitandika jamvi uani, akateleka uji, akamtafutia mdogo nguo ya kuchezea. Mimi, msomaji mpenzi, niliwabusu wajukuu zangu vichwani, nikaingia chumbani mwangu, nikafunga mlango na kushika kalamu. Hapo nikaona wajibu wangu nimeshautimiza.

Sianzi na habari za nyumbani kwangu kwa kuwa ni za ajabu. Naanza nazo kwa kuwa si za ajabu hata kidogo. Wiki ile ile mtaa mzima ulijaa mabibi waliorudishwa kwenye malezi waliyokwisha kuyastaafu. Kwa jirani wa kulia watoto watano, kwa jirani wa kushoto watatu, na kwa yule mama auzaye viazi vya karai kando ya njia, kitoto kimelala ndani ya boksi chini ya meza ya biashara. Kila mzazi anayetoka asubuhi kutafuta riziki ana swali moja moyoni: nimwachie nani?

HESABU YA LIKIZO

Hesabu hii niliifanya baadaye, walakini naiweka hapa mapema ili tuelewane. Katika mwaka 2025 shule zilifungwa wiki 3 mwezi wa Aprili, wiki 3 mwezi wa Agosti, na kuanzia tarehe 27 Oktoba zikafungwa wiki 10 hadi mwanzo wa Januari, 2026. Jumla yake ni wiki 16, mbali na yale mapumziko mafupi ya katikati ya muhula.

Upande wa pili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Kwa mtu afanyaye kazi siku tano kwa wiki, hizo ni wiki 4 na siku moja. Hata baba na mama wakigawana zamu, huyu apumzike na yule aende kazini, na wasipate hata siku moja ya kukaa pamoja, watafunika wiki 8 na ushei. Wiki nyingine karibu 8 zimebaki hazina mtu. Mama aliye peke yake, kama binti yangu ambaye mumewe ni dereva huko Doha, ana karibu wiki 12 zisizo na mtu.

Hapo ndipo tunapomwita bibi. Na bibi hasemi hapana, kwani kwetu sisi bibi akikataa mjukuu, mji mzima utasikia.

BAMVUA

Jumatatu ya wiki ya pili, tarehe 11, mke wangu alikuwa na siku yake ya kliniki ya presha. Usiku wake aliniambia, "Kesho watoto ni wako mpaka nirudi. Usiwape mgongo." Nikamjibu, "Hilo si neno."

Asubuhi niliketi nao barazani, nikawategea vitendawili viwili vitatu. Kisha ubeti mmoja uliokuwa ukinisumbua tangu Ijumaa ukanijia wenyewe, nikasema niingie ndani niuandike usinipotee. Nilidhani nimekaa dakika kumi. Nilipotoka, wadogo watatu wapo, mkubwa hayupo.

Siku ile ilikuwa ya bamvua, siku mbili baada ya mwezi mpevu, na ikifika saa tatu za asubuhi maji huwa yanatoka kwa nguvu. Tena ulikuwa msimu wa kusi. Mjukuu wangu alifuatana na wavulana wa mtaani mpaka ufukoni, chini ya Ngome. Yeye na mwenzake mmoja wakaogelea kuiendea mashua iliyotia nanga. Kwenda kulikuwa rahisi kwa sababu walichukuliwa na mkondo. Kurudi kukawa muhali. Mvuvi mmoja aliyekuwa akirejea na mtumbwi wake aliwakuta wameng'ang'ania kamba ya nanga, hawana hata sauti ya kupiga ukelele, akawapakia.

Nilimkuta mtoto kajikunyata ndani ya kikoi cha mvuvi, midomo yamtetema. Nilimshukuru Mola, kisha nikamshukuru yule bwana. Hakunitukana, ingawa alikuwa na haki ya kunitukana. Alinitazama kanzu yangu na kofia yangu, akaniuliza neno moja tu:

"Mzee, huyu mwana ana mtu?"

Nimekuwa mwandishi kwa miaka mingi na nimezoea kuuliza watu maswali. Hilo nililoulizwa siku ile sikuweza kulijibu. Ule ubeti nao nimeuchana.

SHAURI LA USIKU

Usiku ule tulikaa sote uani baada ya isha. Sikuficha kitu. Nilisema kwamba nilikuwa ndani nikiandika, na kwamba kosa si la mtoto wala si la bibi yake. Binti yangu alilia kwanza, kisha akafuta machozi akasema, "Basi baba, mimi nitaacha kazi."

Mama yake akamjibu, "Ukiacha kazi, karo ataitoa nani? Kazi yako haina lawama. Lawama ni kuwa mimi ni mtu mmoja, nanyi mwanihesabu watu wanne. Tangu nizae, Agosti haijawa yangu. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama naweza."

Tukanyamaza. Yalikuwa kweli. Sisi sote tulikuwa tumeshukuru, wala hakuna aliyeuliza.

Mwanangu wa kiume akaleta shauri la kuajiri yaya. Tukatazama. Amri ya mishahara iliyotoka mwaka 2024 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Wako wanaolipa nusu ya hizo, nami siwasifu. Kumlea mwanao kwa kumdhulumu mwana wa mwenzio ni malezi yaliyoanza na dhambi. Na hata tukilipa kwa haki, ni msichana gani atakayeacha kwao aje kufanya kazi ya wiki tatu, kisha aambiwe arudi Oktoba?

Binti yangu akatoa karatasi aliyopewa kazini, ya kambi ya watoto wakati wa likizo: michezo, kuogelea na kupanda farasi. Bei yake Sh1,500 kwa mtoto mmoja kwa siku. Kwa watoto wake wawili, siku 15 za kazi ni Sh45,000. Tuliikunja ile karatasi tukaiweka chini ya taa.

Ikabaki tusheni. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza wanafunzi kufundishwa shuleni wakati wa likizo, na wataalamu wana sababu zao njema: mtoto naye ni mwanadamu, ahitaji kupumzika. Hata hivyo, na tusemezane kweli. Wengi wetu tulioililia tusheni ilipokatazwa hatukulilia hesabu wala Kiingereza. Tulimlilia mtu wa kukaa na watoto mpaka saa kumi.

CHUO CHETU CHA ZAMANI

Sikulala usiku ule. Nilikuwa nikijiuliza: sisi, katika miaka ya sabini na themanini, nani alitukalia? Shule zilifungwa Aprili, Agosti na Disemba, kila mara mwezi mmoja. Baba zetu walikuwa bandarini na madukani. Mama zetu, ingawa leo twasema walikaa nyumbani tu, walikuwa wakishona kofia, wakipika mahamri ya kuuza, wakifuma na kuuguza. Nani alikuwa na sisi?

Nikapata jibu: tulikuwa chuoni. Wakati wa masomo tulikwenda chuoni alasiri. Shule zikifungwa tulikwenda asubuhi pia, tukakaa mpaka adhuhuri, tukaenda kula, tukarudi mpaka karibu na magharibi. Watoto wa juzuu Amma huku, waliofika msahafu kule, wakubwa wakiwasomesha wadogo. Maalim wetu alikuwa akijua nani hakula na nani ana homa. Mtoto asipofika, hutumwa wawili kwenda kumwulizia kwao. Mama yangu hakuwa na shaka ya bahari kwa sababu kulikuwa na mtu anayejua nilipo saa zote.

Leo chuo hicho kiko wapi? Kingi kimeingia ndani ya shule. Tumejenga shule zinazochanganya elimu ya dini na ya dunia chini ya paa moja, na nakumbuka tulivyozifurahia, na tulikuwa na haki. Mtoto haendi tena mara mbili kwa siku, harudi amechoka usiku, wala hasomi dini kama mtu alipaye deni. Lakini kuna jambo moja tulilisahau. Shule hufungwa kwa tarehe ya serikali. Chuo kilipoingia ndani ya shule, nacho kikaanza kufungwa siku ile ile inapofungwa shule. Mlango uliokuwa wazi likizo nzima tuliufunga kwa mikono yetu, na tulipoufunga tulikuwa tukipiga makofi.

MAALIM NA MASHINE YA MIWA

Asubuhi nilikwenda kumtafuta mwana wa maalim wangu, ambaye ndiye aliyerithi kazi ya baba yake. Ni kijana wa miaka arobaini hivi, mwenye elimu na adabu. Chuoni nikakuta kufuli. Nikaelekezwa Marikiti, nikamkuta nyuma ya mashine ya miwa, akikamua juisi na kuwauzia wapita njia.

Nilimpa habari ya bahari, kisha nikamwambia kwa lugha ya lawama kidogo, "Maalim, wakati wa marehemu baba yako chuo hakikufungwa Agosti."

Alikausha mikono yake kwa kitambaa, akanipa glasi, akasema, "Ami, usinichukulie vibaya. Mimi nalipwa na shule, na shule hunilipa miezi ya masomo peke yake. Agosti watoto wangu nao wala. Sasa nikuulize. Marehemu baba aliwasomesheni nyote, wewe na ndugu zako. Mlimlipa nini?"

Nikakumbuka. Senti hamsini kila Jumatano, kwa aliyekuwa nazo. Sinia ya pilau wakati wa Maulidi. Kanzu ya Idi, mwaka ambao biashara ilikuwa nzuri. Na sisi watoto tulimtekea maji na kumfagilia ua.

"Alikufa na deni la duka, Ami," akasema. "Nililimaliza mimi mwaka wa tatu. Watu walimzika kwa heshima kubwa sana."

Msomaji wangu, sisi watu wa pwani tuna maneno mazuri kwa wenye kutulelea watoto. Bibi twamwita nuru ya nyumba. Maalim twamwita taa ya mji. Taa yahitaji mafuta, nasi tulikuwa twaiwasha kwa sifa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Jasho la maalim wangu lilikauka, yeye mwenyewe akaondoka duniani, nasi bado twasema chuo cha zamani kilikuwa cha bure. Hakikuwa cha bure. Kuna mtu aliyekuwa akilipa, na hakuwa sisi.

TULIVYOFANYA

Tulikubaliana tujaribu likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Wazazi wa mtaa walikutana mara tatu baada ya magharibi, na Jumatatu tarehe 3 Novemba tukafungua mlango. Tulidumu wiki sita. Naeleza hesabu yake kwa utaratibu ili anayetaka kuiga aiige, na anayeona kosa alisahihishe.

Tulipokea watoto 30, kuanzia miaka 4 hadi 12, saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi na nusu jioni. Watoto 28 walilipa Sh200 kila mmoja kwa siku. Wawili, mayatima, hawakulipa. Mapato ya siku yakawa Sh5,600. Katika hizo maalim alipokea Sh1,200. Wanawake wawili wa mtaani, mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa chekechea, walipokea Sh900 kila mmoja. Uji wa asubuhi na chakula cha mchana Sh2,400, yaani Sh80 kwa kila mtoto. Maji na sabuni Sh200. Hakuna kilichobaki na hakuna kilichopungua. Nyumba tulipewa bila kodi: ni darsa la msikiti ambalo siku za kazi hukaa tupu mpaka alasiri.

Kwa binti yangu, watoto wawili kwa siku 15 ni Sh6,000. Ifananishe na zile Sh45,000 za kambi ya farasi.

Isidhaniwe mambo yalinyooka. Siku ya kwanza mzee mmoja anayeheshimiwa alisimama akasema, "Tangu lini chuo kikatozwa kwa siku kama hoteli? Kusomesha Kurani ni thawabu." Maalim akainamisha kichwa. Akajibu mmoja wa wale wanawake, kwa sauti ya upole, "Thawabu ni yake na Mola wake, mzee wangu. Sisi twalipa kukaliwa watoto." Wiki ya kwanza tulipungukiwa Sh1,400 kwa sababu wako waliosema watalipa mwisho wa mwezi. Wiki ya pili tukaweka kanuni ya kulipa Jumatatu asubuhi mlangoni, na aliyekwama amwambie maalim faraghani mapema.

Kisha likaja suala la Alhamisi na Ijumaa. Tangu zamani chuo hupumzika Alhamisi alasiri na Ijumaa yote. Maalim aliitetea desturi hiyo, nami nilimwunga mkono, mpaka mama mmoja akasema, "Bosi wangu hajui Alhamisi." Tukakubaliana kwamba siku hizo hapana kusoma, ila mlango hubaki wazi: watoto husikiliza hadithi, hupika, hushona, na Ijumaa wanaume huja kuwachukua wavulana kwenda msikitini na kuwarudisha.

Na suala la bakora. Maalim alilelewa nayo, nami pia, na alama ninayo. Lakini Katiba ya mwaka 2010 inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imekazia kwa mtoto. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mjadala mrefu. Maalim akaniambia, "Ami, baba alikuwa na watoto sabini na mtu mmoja. Bakora ndiyo iliyokuwa msaidizi wake. Mimi mmenipa wasaidizi wawili, naitakia nini?"

Mwanamke mmoja jirani yetu, Mkristo kutoka bara, anayefanya kazi ya usafi katika ofisi moja mjini, alikuja mlangoni kwa haya akauliza kama mwanawe anaweza kukaa. Tulimkubali. Saa ya Kurani yule mtoto hukaa na wenzake wadogo wakichora na kuhesabu. Mamake alilipa kila Jumatatu kabla ya wote.

Wala jambo la namna hii si geni mjini petu. Mwaka 1986, hapa hapa Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulianzishwa mpango wa chekechea ndani ya madrasa. Wanawake wa mitaani walifunzwa ualimu, vitu vya kuchezea vikatengenezwa kwa vifaa vya karibu visivyo na gharama kubwa, na jamii wenyewe wakasimamia shule zao. Baadaye mpango huo ulivuka ukafika Zanzibar na Uganda. Ule ulikuwa wa watoto wasiofikia umri wa shule, na wetu ni wa likizo tu, lakini msingi ni mmoja: nyumba tunazo, wanawake wenye maarifa tunao, na ujira ukigawanywa kwa wengi hauwi mzito.

WASIA KWA ANAYETAFUTA MAHALI

Iwapo mtaani kwako hakuna darsa kama letu, na umepata nyumba ya mtu anayepokea watoto, basi nenda ukaione mwenyewe kabla ya kumpeleka mwanao, tena nenda saa ambayo hukutarajiwa. Tazama choo kabla ya sebule. Uliza maji ya kunywa yatoka wapi na dawa za nyumbani huwekwa wapi. Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima. Mtu mmoja kwa watoto kumi au kumi na mmoja, kama tulivyokuwa sisi, ndio mwisho wa uwezo, na wakiwa wadogo wa miaka minne na chini ya hapo, hata hao ni wengi. Wasiwe chini ya watu wazima wawili kwa wakati mmoja, na pasiwe na mlango unaofungwa mtu mzima mmoja na mtoto mmoja ndani, hata huyo mtu mzima akiwa mcha Mungu kiasi gani. Kanuni hiyo humlinda mtoto, na pia humlinda maalim na maneno ya watu.

Andikeni jina la anayeruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Asiyeandikwa asipewe, awe ami au mjomba. Na mkiwa karibu na maji kama sisi, pwani waende kwa siku maalumu, na watu wazima wanaojua kuogelea, maji yakiwa yamekufa. Mtoto wa pwani kumkataza bahari kabisa ni kumfundisha kuiendea kwa siri.

Tena mlipeni kwa wakati anayewakalia. Bei ikiwa rahisi kwa sababu mwenye kazi amedhulumiwa, siku moja ataondoka, na mtoto ndiye atakayebaki mlangoni.

Neno la mwisho ni letu wanaume. Katiba yetu, katika kifungu cha 53, inasema baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto. Mimi nilikuwa nikiisoma kama habari za mahakamani. Sasa Jumanne na Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi, zamu ni yangu darsani. Nawategea vitendawili, nawafunza mizani ya shairi kwa kupiga makofi, na ikibidi namwosha mtoto aliyejichafua. Kalamu huiacha nyumbani. Yule mjukuu wangu wa miaka 9 hukaa mlangoni na daftari akiandika majina ya wanaoingia na wanaotoka. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe.

Mke wangu aliwekwa zamu ya Jumatano, kumpumzisha mmoja wa wale wanawake, kuwafunza wasichana na wavulana kushona kofia. Nilimwambia yeye ni mwenyeji, aje kwa kujitolea. Akanijibu, "Nami nilipwe kama wenzangu." Jumatano ya kwanza alipopokea Sh900 zake alizitandaza mkekani, akazitazama, akanicheka mpaka machozi yakamtoka. "Miaka 34 naifanya kazi hii," akasema. "Leo ndiyo siku ya mshahara." Wiki ya tatu alipanda basi akaenda Lamu kwa dada yake, akakaa siku tano.

Aprili inakaribia, na safari hii wamejiandikisha watoto 41 kwa nafasi 30. Mtaa wa pili nao umetuma watu kuuliza. Nimewapa daftari la hesabu, na nimewapa na ubeti huu waubandike mlangoni:

Mwana hakai mwenyewe, na mama yuko kazini,
Bibi na yeye atuwe, mzigo wa maungoni,
Mwalimu haki apewe, jasho lingali usoni,
Nasi waume tujuwe, wana ni wetu nyumbani.